Daftari la Kazi Zisizo na Tarehe

Swali hili mmeniuliza kwa namna nyingi, na kiini chake ni kile kile. Mmoja anaandika historia ya ukoo wao tangu mwaka juzi. Mwingine anajifunza Kiarabu peke yake, kwa kitabu alichoachiwa na kaka yake. Dada mmoja anashona kofia za mkono, na kofia moja humchukua miezi. Hakuna mwajiri anayewasubiri, wala mtihani, wala mteja anayepiga simu. Nyote mnauliza: kazi ambayo hakuna anayenidai, saa zake nizihesabuje? Na nizihesabu kwa ajili gani?

La pili nitalijibu kwa kisa changu. Ninazo kanda saba za kaseti, kila moja ya dakika 60, ambamo mjomba wangu alimrekodi babu yetu akisimulia miaka yake ya unahodha wa majahazi kati ya Tanga, Pemba na Mombasa. Niliazimia kuziandika zote, neno kwa neno. Kwa miaka miwili kila aliyeniuliza nilimjibu, "Niko nazo, kila wiki nagusa." Siku moja mama akaniuliza swali ambalo halina pa kukwepea: "Umefika ya ngapi?" Nikaenda kuhesabu. Kanda moja na nusu.

Sikusema uongo kwa makusudi. Nilikuwa nakumbuka nia yangu nikaidhani ndiyo kazi. Ndiyo hatari ya kazi zisizo na tarehe. Kazi yenye tarehe ikikwama utajua, kwa sababu mtu atakuja kudai. Hii ikikwama inalala kimya kabatini, na wewe unaendelea kuamini kuwa mko pamoja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na muda nao ni mali.

Haya ninayowaandikia hapa nimeyatumia mwenyewe.

## Kwanza ijue kazi yako ni ya aina gani

Usifungue daftari kabla ya kujibu hili, kwa maana kila aina ina hesabu yake.

- Ina mwisho, ila haina tarehe. Kanda za babu ni hivyo: zikiisha saba, zimeisha. Kofia nayo ni hivyo, na kutafsiri kitabu, na kupanga picha za zamani za familia. Hapa unahesabu saa na pia kiasi kilichobaki.
- Haina mwisho. Kujifunza lugha, kupiga udi au gitaa, kudurusu Qur'ani kwa aliyekwisha kuihifadhi. Anayedurusu nusu juzuu kwa siku atazunguka juzuu zote 30 kwa siku 60, kisha anaanza tena. Hapa "bado kiasi gani?" ni swali lisilo na maana. Unahesabu mizunguko, na siku zilizopita kati ya kikao na kikao.
- Huja kwa msimu. Shamba la masika, kumbukumbu za hesabu za nyumba kila mwisho wa mwaka. Hapa linganisha msimu huu na msimu uliopita wa kazi hiyo hiyo. Usiilinganishe na kazi nyingine.

Wengi wanaoniandikia kwa kukata tamaa wanapima kazi ya aina ya pili kwa hesabu ya aina ya kwanza. Mtu anajifunza Kiarabu na kila mwezi anajiuliza amebakiza nini. Hatapata jibu maisha yake yote.

## Vifaa

Daftari moja la kawaida, lile la kurasa 96 au hata dogo zaidi, na kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari hilo. Uzi huo msiudharau. Vikao vingi havikuandikwa kwa sababu kalamu ilikwenda shuleni na mtoto.

Daftari likae pale pale kazi ilipo: juu ya redio kaseti, ndani ya kikapu cha nyuzi, chini ya kitabu cha sarufi. Likikaa chumba kingine, mtaachana ndani ya wiki mbili.

## Safu tano, basi

Kila kikao kinachukua mstari mmoja au miwili. Andika:

1. Siku na tarehe.
2. Saa uliyoanza na saa uliyoishia.
3. Dakika.
4. Ulichofanya, kwa maneno machache.
5. Ulipoachia, na kinachofuata.

Hii ni mistari mitatu kutoka katika daftari langu, nimeitoa kama ilivyo:

- *Jumanne. 2:15–3:05 usiku. Dk 50. Kanda ya 3, upande A, kuandika. Nimefika dakika ya 12, babu anaanza kueleza foromali. Kinachofuata: sikiliza tena jina la kisiwa, baada ya "tukatia nanga".*
- *Ijumaa. 10:30–11:10 jioni. Dk 40. Neno moja tu, foromali. Nilikuwa nimeliandika "fulumani". Nimekwenda kwa fundi wa majahazi, amenionyesha: ni ule mti unaobeba tanga. Kinachofuata: rekebisha kurasa za nyuma, limetokea mara nyingi.*
- *Jumapili. 4:00–4:20 asubuhi. Dk 20. Sijaandika kitu. Nimesafisha kichwa cha redio kwa spiriti, sauti ilikuwa inazama. Kinachofuata: upande A, dakika ya 12.*

Utazame mstari wa pili. Dakika arobaini kwa neno moja. Bila daftari ningeikumbuka Ijumaa ile kama siku niliyopoteza. Daftari linasema nilipata neno ambalo babu alilitumia maisha yake yote na mimi mjukuu wake sikulijua.

## Saa ya Kiswahili na saa ya simu

Hili linawakosesha watu wengi kuliko wanavyokiri. Sisi tunasema saa mbili na robo usiku, simu inaandika 20:15. Tofauti ni saa sita, na kichwani tunaivuka bila kufikiri. Kwenye karatasi haivuki yenyewe.

Mwezi wangu wa kwanza nilikuta mstari unaoanza 2:15 na kuishia 21:40. Mwanzo niliuandika kwa mazoea ya kusema, mwisho nikanakili kutoka kwenye simu. Ukitoa hivyo hivyo utapata saa 19 na dakika 25 za kuandika mfululizo. Ukweli ulikuwa dakika 85.

Kwa hiyo:

- Chagua mtindo mmoja na uuandike kwenye jalada: "Saa za Kiswahili" au "Saa za simu".
- Ukichagua za Kiswahili, andika kila mara asubuhi, mchana, jioni, usiku au alfajiri. "3:00" peke yake haina maana.
- Ukishapata dakika, jumla zote zifanye kwa dakika. Saa za kuanza na kuishia zibaki kuwa ushahidi tu.

Hapo hapo kuna mtego wa pili, wa nukta. Saa moja na nusu watu huandika 1.30, kisha wanajumlisha kwa kikokotoo. Vikao vitatu vya namna hiyo vitakupa 3.90, na ukweli ni saa nne na nusu. Anayetumia Excel ana mtego wake pia: jumla ikivuka saa 24, mpangilio wa kawaida wa saa unaanza upya, kwa hiyo saa 26 zinaonekana kama 2:00. Andika dakika kama namba za kawaida, jumlisha, kisha gawa kwa 60. Mitego yote miwili inakwisha.

## Dakika ipi ihesabiwe?

Mmebishana nami sana hapa. Kutafuta vitabu ni kazi? Kufikiri njiani je? Kuchomeka nyaya, kunoa, kutunga uzi kwenye sindano?

Jibu langu: hesabu kila dakika ambayo mikono au macho yako yalikuwa kwenye kazi hiyo na hayakuwa kwenye kitu kingine. Matayarisho yamo. Kusafisha kichwa cha redio kumo, na ndiyo maana umeuona mstari wa Jumapili. Mtu asiyehesabu matayarisho hukadiria kazi yake pungufu, kisha anajilaumu kwa uzito ambao ni wa kazi yenyewe.

Kufikiri njiani, au ukiwa unaosha vyombo, usikuhesabu. Sisemi hakuna faida. Maneno mengi ya babu yamenijia nikiwa kwenye daladala. Ila dakika hizo huna namna ya kuzipima, na ukianza kuzikisia, daftari zima linageuka kisio. Kama wazo limekuja, liandike kwenye safu ya tano ya kikao kinachofuata.

Mapumziko yatoe. Alexander Lyubishchev, Mrusi mtaalamu wa wadudu, aliandika muda wake kuanzia 1916 hadi alipofariki mwaka 1972, na alihesabu muda halisi tu: muda aliosimama kupumzika aliutoa, kisha kila mwaka akafanya majumuisho. Mwandishi Daniil Granin alimwandikia kitabu kilichotoka 1974. Siwashauri mwandike maisha yenu yote kama yeye. Alikuwa mtu wa peke yake. Lakini hilo la kutoa mapumziko mlichukue. Ukiketi saa mbili, ukanywa chai nusu saa na kujibu ujumbe robo saa, umefanya kazi dakika 75, na 75 ndiyo iandikwe.

Kanuni ndogo ndogo:

- Zungusha kwenye dakika tano iliyo karibu. Dakika 48 ni 50.
- Chini ya dakika kumi weka nukta tu kwenye siku hiyo. Nukta inaonyesha uligusa kazi, ila haiingii kwenye jumla.
- Mgeni akibisha hodi, andika saa ya kuishia kabla hujasimama. Ukisema "nitaandika akiondoka", utakuwa umesahau.
- Umeme ukikatika, kikao kimeishia hapo. Ukirudi, fungua mstari mpya.
- Ukisahau kuandika, kadiria siku hiyo hiyo na uweke herufi *k*. Ukiona k nyingi kuliko mistari safi, daftari liko mbali na kazi. Lisogeze.

## Safu ya tano ndiyo roho ya daftari

Kama mtatupa ushauri wangu wote mwingine, bakini na huu.

Kazi isiyo na tarehe haifi kwa sababu ya uchache wa saa. Inakufa kwa sababu ya ugumu wa kurudi. Umeiacha wiki tatu, unaifungua, hujui ulikuwa wapi, unatumia nusu saa kutafuta, unachoka, unafunga. Mara ya pili hata kufungua huna hamu. Nimewahi kurudia kuandika dakika nane za kanda ambazo nilikuwa nimekwisha kuziandika, kwa sababu karatasi ilikuwa imeingia ndani ya gazeti.

Kwa hiyo dakika tano za mwisho za kila kikao si za kazi. Ni za kumwandikia mtu atakayeketi hapo mara nyingine, na mtu huyo hatakumbuka chochote. Mwandikie kama unavyomwachia jirani maagizo ya kulisha kuku.

Vibaya: *"Endelea na kanda."*

Vizuri: *"Kanda ya 4, upande B, dakika ya 7. Babu anataja majina manne ya mabaharia, la tatu silisikii. Anza kwa kulisikiliza hilo tu. Karatasi ziko kwenye bahasha ya kaki, ya mwisho ni ukurasa wa 61."*

Kinachofuata kiwe kidogo, kiweze kufanyika ndani ya robo saa. Ukiandika "maliza sura ya pili", utaitazama sentensi hiyo usiku umechoka na utalala. Ukiandika "sikiliza jina la tatu", utasikiliza jina la tatu, na ukishawasha redio utajikuta umeendelea.

Mshonaji kofia aache sindano ikiwa tayari imetungwa uzi. Mwanafunzi wa lugha aache kitabu wazi kwenye zoezi, na alama ya kalamu ya risasi kwenye swali. Hayo nayo ni maandishi ya safu ya tano.

## Jumla: fanya mara moja kwa wiki, na usome namba tatu tu

Chagua siku. Yangu ni Jumapili jioni. Inachukua dakika kumi.

1. Vikao vingapi wiki hii.
2. Dakika ngapi kwa jumla.
3. Pengo refu kuliko yote, yaani siku ngapi zilipita bila kugusa.

Namba ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote, na wengi hawaiandiki kabisa. Mtu mwenye dakika 100 katika vikao viwili vilivyoachana siku tatu yuko salama kuliko mwenye dakika 240 za Jumamosi moja, kisha siku kumi na tisa za kimya. Huyu wa pili atajiona hodari mpaka siku atakapoacha kabisa bila kujua aliacha lini.

Kila mtu ana pengo lake ambalo akilivuka kurudi kunakuwa kugumu. Langu kwa kanda za babu ni siku kumi. Nimelijua kwa kutazama daftari: kila nilipovuka siku kumi, kikao kilichofuata kilikwenda chote kwenye kutafuta nilipoachia. Kwa Kiarabu huenda ni siku nne, maana maneno hayasubiri. Litafute lako kwa miezi miwili ya kwanza, kisha uliandike kwenye jalada kwa herufi kubwa.

## Makadirio, na namna ya kuyatumia bila kujiumiza

Baada ya wiki sita za kuandika nilijua jambo ambalo miaka miwili haikunifundisha: dakika kumi za sauti ya babu hunichukua dakika 55 za kazi. Nilipofungua daftari nilikuwa nimebakiza kanda tano na nusu, yaani dakika 330 za sauti. Hiyo ni mara 33 za dakika 55, ambazo ni dakika 1,815, au saa 30 na robo. Kwa wastani wangu wa dakika 100 kwa wiki, ni wiki 18 hivi.

Nilipoiona namba hiyo nililala vizuri. Mlima niliokuwa nauogopa ulikuwa saa thelathini.

Zilikwisha kwa wiki 26. Katikati ulipita mwezi wa Ramadhani, kisha mama aliugua. Hakuna aliyenidai na hakuna kilichoharibika, kwa sababu 18 ilikuwa makadirio. Nawaonya hapa kwa dhati: msiyageuze makadirio kuwa tarehe. Mtu akishaandika ukutani "mwisho wa Agosti", kisha Agosti ikapita, anaanza kuikimbia kazi yake mwenyewe kama anayemkimbia mdai wa duka. Kila mwezi piga hesabu upya kwa kilichobaki, futa ile ya zamani, endelea.

## Wapi pa kuziweka saa

Saa ya kukaa itafute pembeni ya jambo ambalo tayari linatokea kila siku. Usitegemee nafasi, maana nafasi haiji.

Muda wa kati ya magharibi na isha ni saa moja na kitu, unajulikana, na nyumba nyingi hutulia. Wengine wana muda baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Wengine alfajiri kabla watoto hawajaamka. Anthony Trollope, mwandishi wa Kiingereza aliyekuwa ofisa wa posta, alikaa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake ikiwa mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa kabla ya kwenda kazini. Maneno kwa robo saa msimwige, kwa kazi nyingi ni adhabu. Mwigeni kwa kuwa na pahala na saa visivyobadilika, na kwa shajara yake aliyoandika kila siku kurasa alizotoa, hata zile siku ambazo hakutoa.

Kuna pia ule mtindo wa dakika 25 kazi na tano mapumziko, alioubuni Mwitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Kwa kukariri msamiati unafaa sana. Kwa kazi yenye matayarisho marefu haufai: ukishatandaza kitambaa, ukapata mwanga, ukakumbuka nakshi ilipofika, kengele inalia. Kazi za mikono zipe angalau dakika 45.

## Makosa ninayoyaona mara kwa mara

- Kuandika kazi zote za maisha. Chagua mbili, zikizidi sana tatu. Nyingine ziorodheshe ukurasa wa mwisho chini ya neno "Zinasubiri" na usizihesabie kitu. Mwenye kazi sita daftarini atakuwa na mapengo sita.
- Kujaza wiki nzima Jumamosi kwa kumbukumbu. Utaandika wiki uliyoitaka. Afadhali mistari miwili ya kweli.
- Kuruka wiki tupu. Iandike: "Hakuna. Msiba Muheza." Au "Hakuna. Uchovu." Ukiiruka, baada ya mwaka utashindwa kujua mapengo yalitoka wapi. Wiki ya msiba na wiki ya uchovu hazitibiwi kwa dawa moja.
- Kujilipa. Wiki hii dakika 30, basi wiki ijayo lazima 170. Usifanye hivyo. Wiki iliyopita imepita na deni lake.
- Kubadili mtindo kila mwezi. Kalamu za rangi, majedwali mapya, programu mpya ya simu. Kaa na safu tano kwa miezi mitatu kabla hujagusa kitu.

## Mnayonijibu kila nikisema haya

"Nikianza kuhesabu, raha itaniisha." Inawezekana, na ukiona hivyo acha. Bustani yangu ya mchicha haimo daftarini na haitaingia, kwa sababu nakwenda kule kupumzisha akili. Daftari ni la kazi ambayo utahuzunika ikipotea. Jiulize hilo kwanza.

"Si afadhali simu?" Kama unafanya kazi hiyo kwenye kompyuta, sawa: Toggl au Clockify zitakuhesabia vizuri. Ila kwa mikono yenye uzi, udongo au kinanda, simu inaleta ujumbe wa kikundi cha harusi pamoja na saa. Programu nyingi pia zinapima muda vizuri lakini nafasi ya kuandika ulipoachia ni finyu, na mmeshasoma ninavyoiona safu hiyo.

"Nyumbani wananiona nimekaa tu." Hili ni zito, na kina dada ndio wanaoniandikia zaidi. Mtu akikuona na kitabu anakutuma dukani. Mwonyeshe mwenzio daftari. Usimwombe ruhusa ya jumla, mwombe saa inayojulikana: "Jumanne na Ijumaa, baada ya magharibi mpaka isha." Dada mmoja mshonaji kofia aliniandikia kwamba mumewe, baada ya kuona mistari ya miezi miwili, ndiye aliyeanza kuwaita watoto ukumbini ikifika saa hiyo. Namba alizoziona ziliifanya kofia kuwa kazi machoni pake.

"Sina saa nzima hata moja." Basi usiitafute. Vikao viwili vya dakika 25 kwa wiki ni dakika 2,600 kwa mwaka, zaidi ya saa 43. Kanda zote saba za babu zingeandikwa humo.

"Nimekaa miezi mitatu bila kugusa. Ni mara ya pili." Hapo daftari limekwisha kukuambia jambo, na unalazimika kuamua. Njia ni tatu: ipunguze, mfano uandike kanda mbili badala ya saba, mpe ndugu mwenye nafasi, au ifunge, kwa kuandika tarehe na neno "Imefungwa". Kuifunga kazi kwa maandishi kunampa mtu amani ambayo kiporo hakitoi.

## Anza na mstari huu

Usisubiri mwanzo wa mwezi. Leo chukua ile kazi unayosema "niko nayo" na ulete daftari mbele yake. Mstari wa kwanza hautakuwa wa kikao. Andika: "Mara ya mwisho:" kisha tarehe unayoikumbuka, hata kama ni "kama wakati wa maembe mwaka jana". Weka herufi k pembeni.

Kisha itazame kazi yenyewe kwa dakika kumi bila kuifanya, mpaka uone uliachia wapi. Jaza safu ya tano, funga uzi wa kalamu, uache daftari juu yake.